Kuguswa Bega

Kwa miaka yote tuliyoishi Stockholm, mume wangu alisoma kila kitu kwa sauti. Alijaribu kusoma kimyakimya, nikamwona kwa macho yangu: midomo ilimcheza, shingo ikamkakamaa kama mtu anayezuia chafya, na mwishowe sauti ikamtoka tu. Asubuhi alianza na pakiti ya maziwa. Waswidi wana mazoea ya kuchapa habari nyuma ya pakiti za maziwa, leo ng'ombe, kesho afya ya mifupa, na yeye hakuruka hata mstari mmoja. Nilikuwa namwambia, "Mzee, yanywe hayo maziwa, utayahubiria mpaka yagande." Anajibu, "Mwalimu, si wewe mwenyewe uliyenifundisha?" Kisha anaendelea na mstari unaofuata.

Kwenye treni ya chini ya ardhi ndiyo ilikuwa balaa. Mtu yeyote aliyepanda treni za mji huu anajua watu wanavyokaa mle ndani, kila mmoja na kimya chake, utadhani wote wanasubiri majibu ya hospitali. Mume wangu alisoma matangazo ya viatu, onyo la mlangoni, majina ya stesheni kabla hayajatangazwa, na abiria wa pembeni akifungua gazeti, alimsomea kichwa cha habari bila kuombwa. Binti yetu alipokuwa shule ya msingi alipanda behewa la nyuma peke yake, akashuka Farsta, mtaani kwetu, akitembea mbele yetu kana kwamba hatujui. Siku moja alimvuta baba yake mkono, akamwambia kwa Kiswidi, "Pappa, snälla!" Alikuwa anamsihi anyamaze. Baba mtu akamsomea tangazo la meno.

Nami nilikuwa nacheka, nikimkaripia, nikimwonea haya mbele za watu. Leo ningetoa chochote nilicho nacho nimsikie akisoma tangazo la meno.

Kiharusi kilimpata majira ya baridi, asubuhi, jikoni, pakiti ya maziwa ikiwa mkononi. Nilikuwa nimempa mgongo, nakatakata mkate, nikasikia sentensi imekatika katikati. Sikugeuka mara moja. Nilidhani amefika mahali penye neno gumu.

Hospitali walimwokoa, na nawashukuru. Mkono wa kulia ulibaki mzito, mguu ukarudi nusu, lakini maneno hayakurudi. Alibaki na neno moja tu, "ndiyo." Ndiyo ya chai, ndiyo ya sitaki chai, ndiyo ya mlango unagongwa. Tulipotoka hospitali akaketi mezani mahali pake, akachukua pakiti kwa mkono wa kushoto, akaigeuza, akaitazama mbele na nyuma, akairudisha. Nikasikia friji linavyonguruma. Tumekuwa na friji lile miaka na miaka, na sikuwahi kujua kwamba linanguruma. Ni jambo la ajabu kumtamani mtu ambaye yuko mbele yako anakunywa chai, lakini ndivyo nilivyokuwa. Nilimtamani mume wangu naye yupo.

Ili nieleweke, lazima nirudi kusini, karibu na mto Ruvuma, nilikopangiwa kazi nikiwa msichana ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ualimu. Upande wetu tulikuwa tumekwisha kujitawala. Ng'ambo ya mto walikuwa bado chini ya Wareno, na watu walivuka na watoto mgongoni wakikimbia vita. Walipewa mahali pa kujenga, wakalima, na walipoulizwa wanataka nini zaidi, wakubwa kwa wadogo walisema shule. Nikapewa watu wazima. Darasa lilianza alasiri wakitoka shambani, likaenda mpaka giza, tukawasha karabai, na wadudu wakaja kusoma pamoja nasi.

Karabai zile zilitoka Uswidi. Chaki, madaftari, rangi nyeusi ya kupaka ubao, vyote vilikuja na lori kutoka Dar es Salaam katika maboksi yenye maandishi ambayo hakuna kati yetu aliyeyajua. Nilivyoelezwa ni kwamba huko kaskazini kuna watu wanaokutana baada ya kazi, wanachangishana, wanafunga maboksi kwa ajili ya shule za nchi ambazo bado hazijapata uhuru. Mara nyingine walifunga na sweta za sufu. Tulizifunga kiunoni, tukalimia. Lakini boksi ambalo sitalisahau lilikuwa la miwani, miwani ya zamani ya kila namna, imefungwa mojamoja kwenye soksi. Kina mama niliokuwa nimewaandika kichwani kama wazito wa kuelewa walijaribisha, mmoja akatazama ubao, akasema, "Kumbe kuna maandishi!" Nikajionea haya.

Mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa kijana tu kati ya wanafunzi wangu, macho yake yalikuwa mazima. Hata hivyo alichagua miwani ya kike yenye pembe zilizochongoka, akaivaa, akakataa kuivua. Nilimnyang'anya nikampa bibi mmoja aliyekuwa anaihitaji, naye akaninunia karibu juma zima. Mapenzi yetu yalianza na ugomvi huo.

Miaka mingi baadaye, hapa Farsta, jirani yetu mmoja mzee, mwanamke wa Kiswidi, alinisimulia kwenye chumba cha kufulia kwamba ujanani alikuwa akikusanya miwani kwa ajili ya Afrika. Alisema kila mara walijiuliza kama ilifika. Nilimwambia ilifika, hata ile yenye pembe. Akaketi juu ya kapu la nguo, akalia, nami nikalia, na mashine zikaendelea kuzunguka.

Sasa, namna tulivyofundisha. Mtoto unaweza kumwambia simama usome, akisoma vibaya wenzake wakacheka, kesho amesahau. Mtu mzima huwezi. Mtu mwenye wajukuu hasimami peke yake mbele ya watu akakwama kwenye silabi, atarudi kwake na hutamwona tena. Kwa hiyo sisi hatukuanza na herufi. Tulianza na maneno ya mwanafunzi mwenyewe. Anasema jambo lake, mimi naliandika ubaoni kama alivyolisema, na hilo ndilo linakuwa somo la wote. Kila siku tunalisoma pamoja, darasa zima kwa sauti moja, wanaojua wanawabeba wasiojua.

Kisha siku ikifika, ambayo naijua mimi peke yangu, natembea nyuma ya mabenchi wakiwa wanasoma. Ninayemgusa bega ananyamaza. Nagusa mmoja, nagusa mwingine, sauti zinapungua kidogokidogo, na yule ninayemlenga hajui, macho yake yako ubaoni. Mwisho inabaki sauti moja tu, yake. Hapo ndipo anapojisikia. Wengine walishtuka wakaacha. Mama mmoja alijipigia kigelegele katikati ya sentensi. Lakini kila mmoja alijua kwamba tangu hapo yeye ni msomaji, na hakuna aliyemfedhehesha.

Somo la mume wangu lilikuwa hili. "Mama yangu yuko ng'ambo. Analima muhogo. Nikijua kusoma nitarudi nimsomee." Siku yake ilipofika niliwagusa wote, nikabaki nimesimama nyuma yake. Alisoma peke yake mpaka mwisho. Kisha, kwa kuwa hakugundua chochote, akaanza tena juu. Darasa zima liliangua kicheko, naye akageuka akauliza, "Mbona mmeniacha?"

Uhuru wa kwao ulipopatikana alivuka mto pamoja na wenzake kwenda kumsomea mama yake. Mama hakuwepo tena, alikuwa amefariki vitani na hakuna aliyeweza kumpelekea habari. Alinisimulia mara moja tu. Alisema alifika shambani, muhogo umemea ovyo, na kitabu alichokibeba kilikuwa kimeloa mtoni kimegandamana. Ghalani palining'inia gunia tupu lenye maandishi. Akasimama pale akalisoma gunia kwa sauti, uzito, jina la kiwanda, weka mahali pakavu, mpaka lilipoisha. Akarudi kwangu. Ndiyo maana, ingawa nilimkaripia juu ya pakiti za maziwa, sikuwahi kumwuliza sababu.

Tukaoana. Mimi nikapata nafasi ya kuja kusomea ufundishaji wa watu wazima huku huku zilikotoka karabai, naye akanifuata, akapata kazi ya kuchambua barua. Wenzake kazini walimzoea, alisoma kila anwani kama anamwita mwenyewe aje aichukue. Tulisema kozi ikiisha tutarudi. Mnajua wenyewe maneno hayo.

Baada ya kiharusi alipewa mtaalamu wa usemi, binti mpole mwenye subira kuliko mimi. Alikuwa na kadi za picha, tofaa, kisu, kigari cha kuteleza kwenye theluji. Alitamka neno kwa Kiswidi, akangoja. Mume wangu alimtazama kwa heshima, akasema, "Ndiyo," akazisogeza kadi pembeni kwa mkono wa kushoto.

Basi nikajitia ushujaa. Nilifundisha watu wazima nusu ya maisha yangu, kwa nini nimngoje mtoto wa watu? Nikamketisha jikoni, nikaandika kwenye karatasi a, e, i, o, u, nikaweka kidole, nikamwambia, "Haya, hii ni nini?" Yeye peke yake, mimi nimemkodolea macho. Nilifanya kila kitu nilichowakataza walimu wote niliowahi kuwafundisha. Alitazama karatasi, akanitazama mimi, halafu akageuzia uso dirishani na machozi yakamtoka. Nilikunja karatasi ile nikaitupa, na kwa siku kadhaa sikuthubutu kumwonyesha hata kalenda.

Binti yetu anaishi Hallonbergen, anakuja kwetu Jumapili. Sisi tunamwambia kwa Kiswahili, yeye anajibu kwa Kiswidi, ndivyo ilivyokuwa tangu aanze shule. Jumapili moja alivua koti, akabaki amesimama ukumbini. Akasema kwa Kiswidi kwamba amesoma onyo la mlangoni kwenye treni, na akalisikia kwa sauti ya baba yake, na treni nzima ilikuwa kimya, akakosa pumzi. Nilimkumbatia. Nilitaka kumwambia kwamba mimi nalisikia friji, lakini angedhani nami nimeanza kuumwa.

Tukaketi kula. Tukafumba macho tukasema sala ya chakula, ile ile ya siku zote. Katikati ya sala nikasikia sauti ya tatu. Ilikuwa ya chini na ya kukwaruza, lakini maneno yalikuwa mazima: utubarikie, na chakula hiki. Nikafumbua macho. Binti alikuwa amekwisha kufumbua yake. Baba mtu alisema "Amina" pamoja nasi, akachukua kijiko. Nilipomwambia aseme tena, akasema, "Ndiyo."

"Pamoja anaweza," binti yetu alisema, na alisema kwa Kiswahili.

Hapo akili ikanirudia. Mimi nilimpa herufi, hali mtu alitaka darasa.

Huko Fittja kuna chumba ambako Jumamosi wanakutana watu wa Kiswahili: Wakongo, Warundi, Wakenya, sisi Watanzania, pamoja na watoto waliozaliwa hapa. Ni kikundi cha kusoma, cha namna ambayo Waswidi wenyewe wanayo kila mtaa, na manispaa inawapa chumba bure. Kazi kubwa ya kikundi ni kubishana Kiswahili cha nani ndicho Kiswahili. Nilimpigia simu anayekiongoza, baba mmoja kutoka Kongo, nikamweleza haja yangu huku nikijiandaa kukataliwa.

"Mama, hakuna shida," akasema. "Mulete papa. Tutasoma naye, sisi wote, ensemble."

Mama mmoja Mkenya akaniuliza tulipofika, "Sasa mwalimu, tunasoma nini?" Nilikuwa nimeandika kwa kalamu nene kwenye karatasi kubwa ya kaki, tukaibandika ukutani. Mama yangu yuko ng'ambo. Analima muhogo. Nikijua kusoma nitarudi nimsomee. Nikawaeleza ni maneno ya nani.

Jumamosi ya kwanza alikaa kiti cha mbele kofia ikiwa kichwani, hakutoa sauti. Njiani kurudi, tukibadilisha treni pale Slussen, nilijisemea nimemfanya mzee wa watu maonyesho. Lakini Jumamosi iliyofuata alikuwa amekwisha kuvaa koti kabla sijamwita. Tukaenda, na tukaenda tena. Kwanza alitoa mlio tu chini ya sauti zetu. Kisha mwisho wa maneno, kisha maneno. Tulipofika "ng'ambo" aliisema kwa nguvu kuliko sote. Ila muhogo ulimshinda, kila tulipofika hapo yeye alisema "analima ndiyo," na watoto wakajizuia kucheka, naye akacheka kwanza ili wapate ruhusa.

Nilimsimulia yule mtaalamu wa usemi kwa majivuno, kama mtu aliyevumbua moto. Akatabasamu. Akasema kwamba hilo wanalijua, kusoma pamoja huwasaidia wengi, tatizo ni kwamba yeye hakuwa na watu wa kusoma na mume wangu kwa Kiswahili. Nilichukia kidogo na nikafurahi sana. Akaniuliza kama anaweza kuja siku moja kusikiliza, nikamwambia aje, ila hapo hakai mtu bure, atasoma.

Alikuja siku ya masika, theluji imeyeyuka, dirisha liko wazi na nje watoto wanapiga mpira. Nilikuwa nimeamka na uamuzi wangu na sikumwambia mtu. Tulisoma mara ya kwanza, sote. Mara ya pili nikainuka, nikaanza kutembea nyuma ya viti.

Nilikuwa nimewaeleza zamani habari ya bega, kama hadithi tu, kwa hiyo walielewa. Nilimgusa baba wa Kongo, akanyamaza. Nikamgusa mama Mkenya, mtaalamu, watoto mmoja baada ya mwingine. Binti yetu, aliyekuja nasi siku hiyo, alikuwa ameketi kando ya baba yake. Nilimgusa, akatikisa kichwa, akaendelea kusoma. Nikamgusa tena. Alinyamaza, akainuka kunipisha kiti, akaenda kusimama ukutani na kiganja mdomoni.

Nikaketi. Tukabaki wawili, mimi na yeye. Ilikuwa zamu yangu kuacha, na sikuweza.

Katika maisha yangu nimewaacha watu wangapi wasome peke yao, na sikuwahi kuogopa. Pale niliogopa. Maana nikinyamaza na yeye akinyamaza, basi nitakuwa nimejua. Nitarudi Farsta na mtu wa ndiyo, asubuhi nitammiminia maziwa kwenye chai na friji litanguruma, na sitakuwa na Jumamosi nyingine ya kujidanganyia. Afadhali nisome naye hivi mpaka tufe. Nikaendelea. Tulimaliza, nikaanzisha tena haraka kabla hajapumua, mama yangu yuko ng'ambo, na sauti yangu ikaifunika yake.

Akainua mkono wa kushoto. Aliupitisha mbele ya kifua chake polepole, macho yakiwa bado ukutani, akanigusa bega.

Nikanyamaza.

"Analima," akasema. Akangoja. Nje mpira uligonga ukuta. "Analima ndiyo. Nikijua. Kusoma." Kila neno lilikuja peke yake, na kati ya neno na neno nilisikia pumzi za watu wote chumbani. "Nitarudi. Nimsomee."

Ilikuwa ni sauti yake. Ilikuwa imechakaa, imepoteza uzani, lakini ilikuwa ni yake, ile ya tangazo la meno na ya pakiti za maziwa. Nilikaa na mkono wake begani, nikalia bila kujificha.

Alipofika mwisho hakugeuka kututazama. Aliinua macho mpaka juu ya karatasi, akaanza tena. Hakuna aliyemwambia imetosha.